Eneokazi la Mbali: Taasisi Ichague Vipi Mahali pa Kuweka Kompyuta Zake?

Utangulizi

Makala haya yanahusu uamuzi unaozikabili taasisi nyingi za elimu ya juu, ofisi za serikali na mashirika ya dini katika mashariki ya Kongo. Je, kompyuta za wafanyakazi ziendelee kukaa juu ya meza zao, au zikodishwe kwa kampuni inayoziweka katika jumba la mbali, kila mtu akiifikia yake kwa njia ya intaneti? Swali hili limepata uzito tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilikoma kutoa masahihisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, hali kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Muuzaji anapotuambia kwamba mashine zetu kuukuu zaweza kugeuzwa kuwa madirisha tu ya kutazamia kompyuta mpya zilizo mbali, maneno yake yana mvuto, tena si ya uongo.

Huenda msomaji wa jarida la taaluma za Kiswahili akauliza jambo hili linatuhusu nini. Linatuhusu kwa sababu sisi ndio wenye mali inayowekwa humo: sauti za wazee zilizorekodiwa, tasnifu za wanafunzi, kadi za kamusi ambazo hazijachapishwa. Mhandisi aweza kutueleza uwezo wa mashine, lakini hawezi kujua ni kitu gani katika mali hiyo kikipotea hakipatikani tena. Hilo ni letu kulisema.

Jina la kitu

Tuanze na istilahi, maana hapa jina limekwisha kuwapotosha wengi. Katika programu zilizofasiriwa kwa Kiswahili, uwanja ule tunaouona kwenye kioo baada ya kuwasha kompyuta umeitwa eneokazi. Kifaransa huuita biro, na kwa hiyo baadhi ya watu wa huku kwetu husema biro pepe wanapokusudia eneokazi lisilokaa ndani ya mashine wanayoitazama. Neno pepe ndilo la kuangaliwa. Katika barua pepe lina maana ya kitu kinachosafiri kwa umeme. Katika uhalisia pepe lina maana ya kitu kinachoonekana kana kwamba kipo. Lakini kabla ya kompyuta kufika, pepe ilikuwa punje ya mpunga iliyo ganda tupu, isiyo na kiini, na katika Maniema, nchi ya mpunga, maana hiyo si ya kuelezwa kwa kamusi.

Kwa bahati maana hiyo ya kale ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli wa mambo. Kinachoonekana kwenye kioo cha mtumiaji aliyeko Kindu ni ganda. Kiini, yaani programu zinazofanya kazi na faili zinazoandikwa, kiko Johannesburg au Dublin. Hata hivyo naona si vema kukiita kitu cha kulipiwa kila mwezi kwa jina la punje tupu. Nitatumia eneokazi la mbali, kwa kuwa sifa inayoamua kila kitu hapa ni umbali, wala si upepe.

Wingu nalo lina kasoro yake. Wahandisi walilichora wingu katika michoro yao ili kuonyesha sehemu ya mtandao ambayo hawakuhitaji kuieleza, na mchoro ukageuka jina. Hakuna kitu kilicho angani. Kuna jengo lenye kuta, mitambo ya kupoza hewa, jenereta na walinzi, na lina anwani. Ndani yake mna mashine ambazo viungo vyake vimeshikanishwa kwa bati, madini yale yale yaliyochimbwa Kalima, hapa hapa katika Teritwari ya Pangi, tangu enzi za ukoloni. Mtu anayeambiwa kwamba faili zake ziko katika wingu ana haki ya kuuliza jengo hilo liko mji gani, na chini ya sheria za nchi gani.

Namna linavyofanya kazi

Mtumiaji anapobonyeza herufi, kibodi yake hupeleka ishara kwenye seva iliyo mbali. Seva huiandika herufi katika faili, huchora upya sehemu ya kioo iliyobadilika, kisha huirudisha picha hiyo. Mashine iliyo mbele yake haijui kwamba anaandika barua ya utawala au sura ya tasnifu. Inajua kupokea picha na kupeleka mibonyezo. Ndiyo maana mashine dhaifu hutosha. Ndiyo maana pia ikiibwa, mwizi hapati siri yoyote, na hii ni faida isiyostahili kubezwa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, ulionyeshwa mfumo wa CTSS ulioruhusu watu kadhaa kuitumia mashine moja kubwa kwa wakati mmoja, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Wataalamu wa Kiswahili nao wameuzoea ujirani wa namna hii bila kuupa jina. Anayetafuta mifano ya matumizi ya neno katika Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, yenye maneno milioni 25 hivi, haichukui hazina hiyo kuipeleka nyumbani kwake. Huuliza swali kutoka aliko, mashine ya Finland ikatafuta, naye akaletewa mistari anayoihitaji. Tofauti iliyopo ni kwamba kopasi huulizwa mara moja moja, na mtu aweza kungoja sekunde mbili bila kudhurika. Eneokazi la mbali huulizwa kwa kila herufi.

Njia zilizopo

Njia ya kwanza ni kukodi kompyuta nzima kwa kila mtu, kwa bei isiyobadilika kila mwezi, atumie asitumie. Windows 365, iliyoanza Agosti 2021, ni ya namna hii. Kila mfanyakazi ana mashine yake. Akiondoka jioni na kurudi asubuhi huikuta kama alivyoiacha, faili zikiwa wazi. Msimamizi hahitaji ujuzi mwingi, na mhasibu anajua mapema atalipa kiasi gani. Ubaya wake ni huo huo wa bei isiyobadilika. Ilipotolewa, bei za huduma hiyo zilianzia kama dola 20 kwa mtu kwa mwezi kwa mashine dhaifu kuliko zote, zikapanda hadi zaidi ya dola 150. Tuchukue taasisi ya kubuni yenye wafanyakazi 20: hata kwa dola 20 hizo, mwaka mmoja ni dola 4,800, na mwaka wa pili huanza upya pasipo taasisi kumiliki hata msumari. Miezi ya likizo nayo hulipiwa.

Njia ya pili ni kulipia saa zilizotumika. Azure Virtual Desktop, iliyoingia sokoni mwaka 2019 kwa jina la Windows Virtual Desktop na kubadilishwa jina mwaka 2021, huruhusu watu wengi kushirikiana mashine moja kubwa, nayo ikazimwa usiku. Amazon WorkSpaces huuzwa kwa mwezi au kwa saa. Kwa chumba cha wanafunzi wanaoingia kwa zamu, hesabu ya saa ni nafuu kuliko hesabu ya vichwa. Lakini unafuu huo hutegemea mtu wa kusimamia: anayejua kuzima mashine, kupanga watumiaji, kusoma ankara. Mashine iliyosahaulika ikiwaka wakati wa sikukuu za Krismasi huendelea kula fedha kama teksi inayongoja mlangoni. Taasisi isiyo na mtu wa namna hiyo, mwenye mshahara wa kumfanya abaki, isijidanganye kwamba njia hii ni rahisi.

Katika njia hizi mbili yafaa pia kutofautisha eneokazi la kudumu na la kupita. La kudumu hukumbuka yote aliyoyafanya mtumiaji. La kupita hufutwa kila anapotoka, likarudi kuwa safi kwa anayefuata. Kwa mafunzo, la kupita ni bora, kwani kosa la mwanafunzi mmoja halimsumbui mwingine. Kwa mtafiti ni hatari, isipokuwa faili zake zihifadhiwe mahali pengine nje ya eneokazi lenyewe.

Njia ya tatu ni kuiweka seva ndani ya taasisi, vituo vyepesi vikaunganishwa nayo kwa waya wa mita chache. Programu huria ya LTSP, iliyoanza mwaka 1999, ilibuniwa kwa ajili ya madarasa ya namna hiyo: kompyuta isiyo na diski huwashwa kutoka kwenye seva na kupata eneokazi lililokwisha kutayarishwa. Hapa hakuna kodi ya mwezi wala mega za kununua. Aidha, lugha ya kioo huwekwa mara moja kwa wote. Tangu Jambo OpenOffice ilipotolewa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, imedhihirika kwamba ofisi nzima yaweza kuendeshwa kwa programu za Kiswahili, na kwenye seva ya pamoja uamuzi huo huhitaji mtu mmoja tu wa kuutekeleza. Umeme nao huokolewa: kompyuta ndogo kama Raspberry Pi hutumia wati zisizofika 15, bila kuhesabu kioo, hivyo viti 30 havizidi wati 450, kiasi ambacho mitambo ya jua yaweza kukibeba.

Njia ya nne ni mtandao wa vyuo vyenyewe kuwatunzia wanachama wake seva katika kituo cha pamoja. KENET ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1999, na RENU ya Uganda huwapa vyuo wanachama huduma za aina hiyo. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia ambayo vyuo vya Kongo vingepaswa kuidai kwa sauti moja, badala ya kila kimoja kujadiliana peke yake na kampuni ya ng'ambo. Lakini taasisi inayopaswa kuamua mwaka huu haiwezi kuamua kwa kitu kitakachokuja.

Neno moja kuhusu wauzaji. VMware ilikuwa mojawapo ya majina makubwa katika biashara hii. Ikanunuliwa na Broadcom mwaka 2023, na mwaka 2024 tawi lake la eneokazi la mbali likauzwa kwa KKR na kuitwa Omnissa. Wateja walilala na muuzaji mmoja wakaamka na mwingine. Mkataba ambao hausemi faili zitatolewaje siku ya kuachana, kwa muundo gani na kwa muda gani, usitiwe saini.

Umbali hauna huruma

Mwongozo wa Microsoft wenyewe hushauri kwamba safari ya ishara kwenda na kurudi isizidi milisekunde 150, na kwamba kazi nyepesi ipewe njia ya megabiti 1.5 kwa sekunde kwa kila mtumiaji. Tuzipime namba hizo kwa mazingira yetu.

Kituo cha Microsoft kilicho karibu nasi kilifunguliwa Johannesburg mwaka 2019, na cha Amazon Cape Town mwaka 2020. Toka Kindu hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,600 kwa mstari wa ndege. Mwanga ndani ya waya wa kioo hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi kungechukua milisekunde 26. Lakini herufi haifuati mstari wa ndege. Yaweza kuanza kwa setilaiti au minara, ikapita Kinshasa na mkongo wa WACS unaotua Muanda tangu 2013, au ikatokea mashariki kuelekea Bahari ya Hindi. (Watani wetu wa Tanzania huuita waya huo mkongo, nasi hucheka kidogo tunapousikia umekatika.) Kila kituo cha njiani huongeza muda.

Setilaiti ya zamani, ile inayoonekana kusimama mahali pamoja juu ya ikweta, iko kilomita 35,786 kutoka ardhini. Ishara hupanda na kushuka, kisha jibu hupanda na kushuka tena: kilomita 143,000 zisizopungua, yaani karibu nusu sekunde kabla ya mashine yoyote kufanya kazi. Hiyo ni mara tatu ya kipimo kilichoshauriwa. Anayeandika kwa hali hiyo huona neno lake limechelewa nyuma ya vidole, akabonyeza tena, akapata herufi mbili. Setilaiti za chini kama za Starlink, ambayo ilipata leseni nchini Kongo mwezi Mei 2025, huzunguka kilomita 550 hivi juu yetu, na kwa hizo kikwazo cha umbali hupungua sana. Hapa kweli hali imebadilika, na anayekataa eneokazi la mbali kwa hoja za miaka kumi iliyopita hana budi kupima upya.

Upana wa njia ni hesabu nyingine. Watumiaji 20 kwa megabiti 1.5 ni megabiti 30 kwa sekunde. Mtumiaji mmoja akiujaza upana wake kwa saa nzima hula megabaiti 675. Ni kweli kwamba mwandishi wa maandishi matupu hula kidogo zaidi, kwa kuwa kioo chake hubadilika polepole. Lakini ofisi haiandiki tu, hufungua picha, ramani na video.

Kisha kuna kukatika kusikotokana na fizikia. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilifungwa nchini Kongo kwa muda wa siku 20 hivi. Ilikuwa imefungwa pia Januari 2015. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na huduma ikadorora Kenya, Tanzania na kwingineko. Taasisi ambayo kompyuta zake zote ziko mbali, katika siku 20 hizo haina kompyuta hata moja. Ina vioo.

Sauti na kibodi

Mambo mawili yanayomgusa mwanaisimu hayatajwi katika vipeperushi vya wauzaji.

La kwanza ni sauti. Kilega ni lugha ya toni, na anayenukuu masimulizi yake kwa ELAN au Praat hurudia sekunde moja ya sauti mara kumi ili aamue kama silabi ni ya juu au ya chini. Kwenye eneokazi la mbali, Praat hupima faili kamili iliyo kwenye seva, na mchoro wake huwa sahihi. Lakini sauti inayofika sikioni imebanwa ili ipite njiani, tena haiendi sambamba na mstari unaotembea kwenye kioo. Jicho huona jambo moja, sikio likasikia jingine. Kazi ya namna hiyo ifanyiwe kwenye mashine iliyo mbele ya mtafiti.

Kuipeleka sauti huko mbali nako kuna gharama yake. Saa moja ya sauti isiyobanwa, ya mkondo mmoja, kwa kipimo cha 44,100 kwa sekunde na biti 16, ni megabaiti 318 hivi. Kwa njia ya kupandishia yenye megabiti 1 kwa sekunde, hiyo ni dakika 42. Mtafiti aliyerudi kutoka vijijini na saa 30 za rekodi atahitaji saa 21 za kupandisha mfululizo, umeme usikatike.

La pili ni kibodi. Mara nyingi kinachosafiri si herufi bali namba ya kibonyezo, na seva huitafsiri kwa mpangilio wake yenyewe. Kibodi zetu nyingi ni za Kifaransa. Seva iliyotayarishwa kwa mpangilio wa Kiingereza hugeuza a kuwa q na m kuwa nukta-mkato. Hilo hurekebishwa kwa kuweka mpangilio mmoja pande zote mbili. Kazi huwa kubwa zaidi kwa alama za toni na herufi ɛ na ɔ, maana mpangilio wa kibodi aliojitengenezea mtafiti lazima nao uwekwe kwenye seva, na msimamizi wa eneokazi la kupita huenda asiruhusu. Kabla ya kutia saini, idara iombe muda wa majaribio, na atakayejaribu awe mtu anayeandika toni, asiwe mkurugenzi anayefungua ukurasa wa habari.

Kazi karibu, nakala mbali

Ikiwa umbali una hatari zote hizo, je, kila kitu kibaki nyumbani? Historia ya Maniema haituruhusu kusema hivyo. Katika vita vya 1996 hadi 2003 ofisi na shule za mkoa huu ziliporwa, na karatasi zilizokuwa na nakala moja tu hazikurudi. Seva iliyo kwenye chumba kimoja ni karatasi ya nakala moja. Radi, moto, mwizi au maji ya mvua yatosha.

Kwa hiyo ningeshauri taasisi itenganishe mambo mawili ambayo muuzaji huyafunga katika furushi moja: mahali pa kufanyia kazi na mahali pa kuhifadhia. Kazi ya kila siku iwe kwenye seva ya nyumbani yenye umeme wa jua, au kwenye kompyuta za mkononi, ili iendelee hata laini ikikatwa. Nakala zipelekwe mbali polepole, usiku, kwa njia nyembamba iliyopo, kwani nakala haijali milisekunde. Eneokazi la mbali likodishwe kwa wachache wenye haja nalo hasa: mhasibu mwenye programu ya Windows isiyoendeshwa kwingine, mwalimu aliye masomoni ng'ambo anayehitaji kuingia katika kazi za idara. Labda ni watu 3 kati ya 20, na kwa bei ile ya dola 20 jumla yao ni dola 720 kwa mwaka.

Kuhusu nakala zenyewe, Amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, yaani Sheria ya Dijitali ya Kongo, imeweka kanuni za kulinda data za watu, na data hizo zikivuka mpaka ni lazima kanuni hizo zitazamwe. Mzee aliyesimulia mbele ya kinasa sauti alimruhusu mtafiti. Hakuulizwa kuhusu jengo la Johannesburg. Fomu za idhini tunazowapa wanafunzi wanaokwenda vijijini zahitaji sentensi moja zaidi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya msimulizi, inayosema sauti itawekwa wapi na nani ataweza kuifungua. Kamati ya idara yaweza kuiandika sentensi hiyo kabla ya msimu ujao wa utafiti, bila kungoja seva wala mkataba wowote.